Miaka Ambayo Ali Hakupigana

Kila ubishi kuhusu nani alikuwa bondia bora wa uzito wa juu hufika mahali palepale. Mmoja anamtaja Muhammad Ali, mwingine anamtaja Joe Louis, na haupiti muda anatokea wa tatu: "Lakini Ali alinyang'anywa miaka yake mizuri." Hapo mazungumzo hugeuka. Tunaacha mapambano yaliyopiganwa, tunaanza kuhesabu yale ambayo hayakupiganwa. Ali anaongezewa ushindi 10, 15, bila jasho kumtoka, na wapinzani wanaangushwa mmoja mmoja bila hata kuulizwa. Nampenda Ali kuliko bondia mwingine yeyote, na ndiyo maana hesabu hiyo inaniuma. Inamdhulumu yeye mwenyewe, na inawadhulumu zaidi wale waliokuwa ulingoni wakati yeye hayupo.

Kilichochukuliwa, pengo la zaidi ya miaka mitatu baada ya Ali kukataa kuingia jeshini mwaka 1967, kilikuwa kikubwa, hilo halina mjadala. Kuanzia Machi 29, 1966, alipomshinda George Chuvalo kwa pointi mjini Toronto, hadi Machi 22, 1967, alipomwangusha Zora Folley katika raundi ya 7 pale Madison Square Garden, New York, Ali alitetea ubingwa wake mara 7. Mara saba, uzito wa juu, haujatimia hata mwaka. Alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano 29 na hajapoteza hata moja.

Ukitaka kuona alifikia wapi, tafuta filamu ya pambano lake na Cleveland Williams, Novemba 14, 1966, ndani ya Astrodome mjini Houston. Mikono ya Ali iko chini, karibu na kiuno. Williams anarusha, na kichwa cha Ali kinarudi nyuma kiasi kidogo tu, ngumi inapita mbele ya pua. Halafu miguu inabadilishana mbele na nyuma kwa kasi ambayo jicho haliifuati, na kabla haijatulia ngumi tatu zimeshatua. Williams alianguka mara nne, na mwamuzi akamaliza kazi katika raundi ya 3. Sijaona mtu wa uzito ule akipigana namna ile, kabla yake wala baada yake.

Lakini hata hapo ipo habari ambayo washabiki wa Ali, nikiwemo mimi, huiruka. Williams naye alikuwa anatoka kwenye pengo. Mwaka 1964 alipigwa risasi na askari huko Texas, akafanyiwa operesheni zaidi ya moja, akapoteza figo, akakaa nje ya ulingo kwa zaidi ya mwaka. Yule jitu aliyekuwa akiogopwa kwa ngumi zake hakuwa tena yule. Pambano tunalolitaja kama kilele cha Ali lilipiganwa dhidi ya mtu aliyekwisha kukatwa vipande na hospitali. Utukufu wa Ali usiku ule haupungui kwa hilo. Nalitaja kwa sababu mapengo ya mabondia wengine huwa hatuyaoni, tunaliona lile la shujaa wetu peke yake.

Aprili 28, 1967, mjini Houston huohuo, jina lake liliitwa kwenye kituo cha kuandikisha askari, naye akakataa kupiga hatua mbele, ile hatua ya kukubali kuingia jeshini. Siku hiyohiyo, kabla hajashtakiwa mahakamani, kamisheni ya ngumi ya New York ilimfungia leseni, na WBA, chama cha ngumi cha dunia, kikamvua ubingwa. Majimbo mengine yakafuata. Juni 20 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Alibaki nje kwa rufaa, lakini pasipoti ilizuiwa, kwa hiyo hata nje ya Marekani hakuweza kupigana. Akaishi kwa kutoa mihadhara vyuoni. Alipopanda tena ulingoni, Oktoba 26, 1970, mjini Atlanta, ilikuwa imepita miaka 3 na miezi 7.

Linganisha na Joe Louis. Naye jeshi lilimsimamisha, ila yeye aliingia kwa hiari, Januari 1942. Mapato ya pambano lake na Buddy Baer aliyatoa kwa mfuko wa jeshi la majini, na ya pambano la Abe Simon, Machi mwaka ule, kwa mfuko wa jeshi la nchi kavu. Kisha akazunguka kambini akipigana mapambano ya maonyesho mbele ya wanajeshi. Kwa zaidi ya miaka minne hakutetea ubingwa, na hakuna aliyeugusa. Ulimsubiri. Aliporudi Juni 19, 1946, alirudi akiwa bingwa, na ndiyo maana leo tunahesabu utawala wake kuanzia 1937 hadi 1949 bila kuukata, na mapambano 25 ya kutetea taji.

Kwa hiyo wanaume wawili, nchi moja, taji lilelile. Mmoja alikubali sare ya jeshi, taji likafungiwa kabatini kwa jina lake. Mwingine alikataa, taji likaondoka kabla jua halijazama. Pengo la bondia halipimwi kwa urefu tu. Yule anayeshika funguo za mchezo ndiye huamua miaka hiyo itaandikwaje: likizo ya heshima au adhabu. Na heshima yenyewe haikumfikisha Louis mbali. Deni la kodi lilimrudisha ulingoni mwaka 1950 baada ya kustaafu, akapigwa na Ezzard Charles kwa pointi, na mwaka uliofuata Rocky Marciano akamwangusha nje ya kamba.

Katika hadithi ya Louis kuna mtu mwingine ninayemfikiria sana, Billy Conn. Juni 18, 1941, Conn, mtu mdogo kwa uzito, alimchezesha Louis kwa raundi 12 na alikuwa anaongoza kwa pointi. Katika raundi ya 13 akataka kummaliza bingwa badala ya kumkimbia, akapigwa, akahesabiwa hadi 10 zikiwa zimebaki sekunde 2 tu raundi iishe. Kila mtu alitaka marudiano. Yakapangwa, vita vikayazuia, na Conn naye akavaa sare. Walipokutana tena mwaka 1946, wote wawili walikuwa wazito, miguu imekauka, na Louis alimmaliza katika raundi ya 8. Vita ni vilevile na pengo ni lilelile, lakini Louis alitoka bado ni bingwa, na Conn akatoka akiwa mtu wa karibu-ashinde. Mtu mwenye nguvu ya ngumi hubaki nayo hata miguu ikizeeka. Mtu anayeishi kwa wepesi akikaa miaka minne hana pa kujificha.

Ali alikuwa mtu wa wepesi.

Ndiyo sababu ya kumtazama kwa makini baada ya kurudi. Jerry Quarry alichanika juu ya jicho na pambano likasimamishwa mwisho wa raundi ya 3, kwa hiyo Atlanta haikutuonyesha mengi. Lakini Desemba 7, 1970, dhidi ya Oscar Bonavena wa Argentina, kila kitu kilikuwa wazi. Ali anacheza na miguu raundi moja, anapumzika inayofuata. Anaegemea kamba. Anamkumbatia mpinzani. Kichwa kinarudi nyuma kama zamani, ila sasa kimechelewa kidogo, na ngumi ambazo mwaka 1966 zingepita hewani zinagusa. Alimwangusha Bonavena mara tatu katika raundi ya 15 na kushinda, nami kila nikiitazama filamu hiyo naishangilia dakika ile ya mwisho. Raundi zile 14 za kabla ndizo zinazosema ukweli.

Halafu miezi mitatu tu baadaye, Machi 8, 1971, Joe Frazier. Kila mmoja alilipwa dola milioni 2.5, na wote walikuwa hawajapoteza pambano. Raundi ya 15, Frazier anainama, anainuka na ngumi ya kushoto iliyoanzia chini kabisa, inatua kwenye taya. Ali anaanguka chali, miguu juu, vishada vyekundu vya viatu vyake vinapepea. Kilichonishangaza siku zote ni kuinuka kwake. Haikupita hesabu ya nne, amesimama, taya limevimba, na anamaliza raundi. Mwamuzi na majaji wawili wote walimpa Frazier.

Kwenye ile raundi ndipo naona pengo lilivyomgeuza Ali. Kabla ya 1967 hatukujua kama anaweza kuvumilia kipigo, kwa sababu hakuna aliyempata sawasawa mara nyingi. Baada ya 1970 alipatikana, na ikagundulika kwamba chini ya wepesi ule kulikuwa na mtu wa jiwe. Mwaka 1973 Ken Norton alimvunja taya mjini San Diego, naye akaendelea hadi raundi ya 12 na ya mwisho. Mwaka 1974, mjini Kinshasa, alikutana na George Foreman aliyeshinda mapambano 40 kati ya 40, aliyewamaliza Frazier na Norton kwa raundi mbili kila mmoja. Ali mwenye umri wa miaka 32 aliegemea kamba, akaziacha ngumi za Foreman zitue mikononi, mbavuni, na nyingine kichwani, hadi katika raundi ya 8 jitu likachoka na kuanguka. Ali wa 1967 asingepigana hivyo. Hakuhitaji. Pambano ambalo dunia nzima inamkumbukia lilipiganwa na yule Ali wa pili, aliyezaliwa na pengo.

Basi ukisema miaka ile ingemwongezea ukubwa, nakuuliza: ukubwa upi? Pengine angekuwa na ushindi 40 mfululizo na taji moja refu, na asingekuwa na Kinshasa, wala pambano la tatu na Frazier mjini Manila, wala kulitwaa taji mara tatu. Na yule kijana aliyekataa kupiga hatua mbele akijua atapoteza kila kitu, naye asingekuwepo. Juni 28, 1971, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu yake kwa kura 8 kwa 0. Ushindi ule haumo kwenye rekodi yake ya ushindi 56 na kupoteza 5, na kwangu mimi ni mkubwa kuliko mingi iliyomo.

Ila sitaki kuligeuza pengo kuwa baraka. Aliyelipa gharama ya Ali wa pili ni mwili wa Ali. Alipogundua kwamba anaweza kupigwa na bado akashinda, akawa anapigwa. Hadi raundi ya 14 na Frazier Manila mwaka 1975. Earnie Shavers kwa raundi 15 mwaka 1977. Larry Holmes kwa raundi 10 mwaka 1980, Ali akiwa na miaka 38, hadi kocha wake Angelo Dundee alipokataa kumruhusu aendelee. Pambano lile la Holmes siwezi kulitazama hadi mwisho. Mwaka 1984 ilitangazwa kuwa ana maradhi ya Parkinson. Kati ya mapambano 61 ya maisha yake, 32 yalikuja baada ya pengo, na matano yote aliyopoteza yamo humo. Mtu ambaye angeweza kuvuna na kuondoka akiwa na miaka 30 alianza upya akiwa karibu na umri huo, akidaiwa fedha na akidai taji lake. Waliomfungia leseni walimnyima miaka ya kutopigwa, na yeye akaifidia kwa miaka ya kupigwa. Hilo ndilo deni ninalowadai.

Sasa Frazier. Nina uchungu na Frazier. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, akashinda taji lililotambuliwa na kamisheni ya New York mwaka 1968, akaunganisha ubingwa mwaka 1970, na wakati Ali hana leseni ni yeye aliyemsaidia kwa fedha na kumwombea arudishwe. Alipompiga Ali, alimpiga mtu aliyekuwa na mapambano mawili tu mwilini tangu arudi, raundi 18. Basi tangu siku ile, ushindi wake mkubwa kuliko wote umebandikwa maneno "Ali alikuwa ametoka kufungiwa." Akishindwa, ameshindwa na Ali, akishinda, ameshinda kivuli. Huyo mtu angefanya nini? Hakumfungia Ali leseni. Alipigana usiku ule hadi akalazwa hospitalini, na mwaka mzima wa 1971 hakupanda tena ulingoni. Miaka yake mizuri naye iliishia pale. Mwaka 1973 Foreman alimwangusha mara sita mjini Kingston. Pengo la Ali lilimtafuna Frazier pia, ila yeye hakuna anayemwongezea ushindi wa kufikirika.

Ya namna hii yalimpata Marvin Hagler. Sugar Ray Leonard alifanyiwa operesheni ya jicho mwaka 1982 baada ya retina kuachia, akapigana mara moja tu, mwaka 1984, kisha akarudi Aprili 6, 1987, kumkabili Hagler aliyekuwa ametetea taji la uzito wa kati mara 12. Leonard alishinda kwa uamuzi wa majaji uliogawanyika, ubishi wake haujaisha hadi leo, na Hagler hakupigana tena. Kwa Leonard, pengo liliufanya ushindi uwe wa ajabu: mtu aliyepigana mara moja tu katika miaka mitano amemshinda bingwa. Kwa Hagler, pengo lilelile liliifanya aibu iwe nzito. Usiku mmoja, majaji walewale, na kukaa nje kwa mmoja kukaandikwa kwenye rekodi za wawili.

Foreman ni jambo jingine kabisa. Aliondoka mwaka 1977 baada ya kupoteza kwa Jimmy Young, akawa mhubiri, akakaa miaka 10. Alirudi mnene, mwenye upara, anatabasamu, na Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10 na kulitwaa tena taji alilolipoteza Kinshasa miaka 20 nyuma. Ni mmoja wa wachache ambao pengo liliwaongezea jina. Lakini Foreman hakufukuzwa, aliondoka kwa miguu yake, na nguvu za ngumi ndizo zilizokuwa mtaji wake.

Mike Tyson simuweki kwenye orodha moja na Ali, na nakereka wengine wanapofanya hivyo. Alikaa gerezani kuanzia 1992 hadi Machi 1995 kwa kosa la kubaka. Kuna mwanamke aliyeumizwa, na kuililia miaka ya Tyson bila kumkumbuka huyo ni kukosa utu. Hata kwa upande wa ngumi tu, hoja haisimami. Buster Douglas alimwangusha Tokyo Februari 1990, miaka miwili kabla ya gereza. Kocha Kevin Rooney alikwisha kufukuzwa mwaka 1988. Bondia aliyetutisha kati ya 1986 na 1988 alikuwa ameondoka mapema, mlango wa gereza ukiwa bado haujafunguliwa. Pengo likawa mahali pazuri pa kuficha mporomoko uliokuwa umeshaanza.

Turudi kwa mtu ambaye karibu kila makala ya pengo la Ali humpita. Jimmy Ellis alitoka Louisville kama Ali, alikuwa mshirika wake wa mazoezi, na wote walifundishwa na Dundee. WBA ilipoitisha mashindano ya kujaza kiti, Ellis, mtu aliyeanzia uzito wa kati, alimshinda Leotis Martin, akamwangusha Bonavena mara mbili na kumshinda kwa pointi, kisha Aprili 1968 akamshinda Quarry mjini Oakland na kuwa bingwa. Bonavena na Quarry: walewale wawili ambao Ali aliwapiga aliporudi, tukapiga kelele kwamba mfalme karejea. Ellis alikwisha kuwapiga wote, miaka miwili kabla, na kelele hazikusikika. Frazier alimtoa Februari 1970. Julai 1971, ndani ya Astrodome, Ali na Ellis walipigana wao kwa wao, Dundee akiwa kwenye kona ya Ellis, na Ali alimmaliza katika raundi ya 12. Ukifungua orodha ya mabingwa wa WBA utamkuta Ellis amekaa katikati ya Ali na Frazier, na watu humpitisha jicho kama nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi ile haikuwa wazi. Ilikuwa na bondia ndani yake, na alikuwa anashinda.